Mashine ya Jikoni na Keki Isiyoumuka

Katika nyumba zetu nyingi, za mwambao na za bara, keki imekwisha kuwa kitu cha desturi. Idi haipiti bila ya keki kukaa katika sinia pamoja na visheti na tambi. Harusini hukatwa, na aliyezaa hupelekewa na jirani zake. Wako pia mabinti na hata vijana wa kiume wanaojipatia riziki ya halali kwa kuoka keki nyumbani na kuziuza. Na siku hizi imeingia jikoni mashine ile ifanyayo kazi zote, ambayo bakuli lake ni moja, nalo husaga, hukata, hukanda na kuvuruga. Nyengine hupima uzito na hupika pia. Bei yake si ndogo. Baba hujinyima, au mama hucheza upatu miezi mingi, mpaka ikaletwa nyumbani. Kisha keki ya kwanza hutoka imedidimia katikati, au imekuwa ngumu kama mpira, na mayai manane na siagi yote ile yamekwenda bure. Hapo ndipo yaanzapo maneno.

Maneno hayo ndiyo yaliyotufanya tushike kalamu. Wako wasemao kuwa mashine ni mbovu, ikarudishwa katika sanduku lake na kupandishwa juu ya kabati. Lakini walio wengi humtupia lawama mpishi mwenyewe, wakasema mkono wake hauna bahati, khasa akiwa ni bibi arusi mgeni katika nyumba ya wakwe. Jambo hili halifai. Imepokewa katika Sahihi mbili, ya Bukhari na ya Muslim, ya kwamba Mtume wetu (s.a.w.) hakupata kukitia ila chakula: akikipenda hula, asipokipenda hukiacha. Basi na tuache kutia ila, tutazame sababu.

Kwa maoni yetu sababu kubwa ni moja. Mkono wa mtu huchoka, na kule kuchoka kulikuwa ndiko kipimo chake. Bibi zetu hawakuweza kuvuruga unga kupita kiasi hata lau wangetaka. Mashine haichoki. Jambo lililohitaji dakika kumi za mkono, yenyewe hulimaliza kwa sekunde ishirini, na katika sekunde ya thelathini imekwisha kuliharibu, ilhali mwenye kupika angali anatafuta kopo la beking pauda.

Yafaa kwanza kujua mashine uliyo nayo ni ya namna gani, kwani watu huziita zote kwa jina moja. Iko ile yenye mchapo wa waya unaoshuka kutoka juu na kuzunguka ndani ya bakuli, kama Kenwood Chef iliyotolewa na Bwana Kenneth Wood huko Uingereza katika mwaka 1950. Hiyo hutia hewa, sawa na mkono. Na iko yenye kisu kikali chini ya bakuli, namna ambayo kampuni ya Vorwerk ya Ujerumani iliitoa katika mwaka 1971 kwa jina la Thermomix, ikiwa na moto wa kupikia ndani yake. Na baada yake zimetokea za makampuni mengi. Kisu hukata. Huchanganya upesi sana, lakini hakitii hewa kama mchapo. Anayetumia mashine ya kisu kwa maelezo yaliyoandikwa kwa mashine ya mchapo atapata tabu, wala si kosa la mashine wala si lake.

Tuseme kidogo juu ya hewa hiyo, kwani ndiyo roho ya keki. Tunapovuruga siagi na sukari, chembe za sukari huichimba siagi na kuacha ndani yake vitundu vidogo sana vya hewa. Beking pauda haiumbi vitundu vipya. Hutoa hewa yake ikaingia katika vile vilivyokwisha kuwako na kuvikuza. Kwa hiyo asiyepata vitundu hapo mwanzo hata akiongeza beking pauda vijiko vitatu hatapata keki nyepesi. Atapata keki iliyopanda kwa haraka na kuanguka, na ladha ya shaba katika ulimi. Tena siagi huweza kushika hewa ikiwa ni laini lakini ingali baridi, kiasi cha digrii 18 hadi 20. Katika jiko la Mombasa au Unguja wakati wa kaskazi, ambapo hewa yenyewe ni digrii 30 na zaidi, siagi iliyoachwa mezani imekwisha kupita hapo. Tia na joto la kisu kinachosuguana na mchanganyiko, itayeyuka mbele ya macho yako na hewa yote itatoka. Keki ya namna hiyo hujulikana: chini yake huwa na mstari mzito wenye unyevu, unaong'aa kwa mafuta. Vitabu vingi vya mapishi viliandikwa katika nchi za baridi, navyo husema siagi itolewe mapema ilainike. Sisi wa pwani tunaotumia kisu na tuitoe katika friji, tuikate vipande vidogo, na tuitie baada ya dakika kumi tu.

Kwa sababu hiyo hiyo mkate wa mayai hauwezi kupigwa kwa kisu. Mkate ule wa asili yetu hauna siagi wala beking pauda. Una mayai, sukari, unga na iliki, na kuumuka kwake kote kumo katika mayai yaliyopigwa mpaka yakawa meupe na mazito, yakidondoka kwa utepe unaokaa juu kidogo kabla ya kuzama. Kisu huyafanya mayai povu jepesi lisilodumu. Ikiwa mashine yako ina mchapo wake wa kubandika, toa kisu uutie huo. Ikiwa haina, mchapo wa mkono ungali ni bora. Kinyume chake, mkate wa kumimina na vitumbua ndivyo vinavyofaidika kwa kisu zaidi kuliko keki yo yote, kwani mchele ulioroweshwa usiku husagika mara moja pamoja na tui, laini kabisa. Na twashangaa kuwa wengi walionunua mashine hii hawajapata kuijaribu kwa kazi hiyo.

Yabaki habari ya unga. Ndani ya unga wa ngano mna kitu ambacho kikipata maji na kusukwasukwa hujifunga nyuzi zinazovutika. Katika chapati na maandazi twazitaka nyuzi hizo, ndiyo maana twakanda. Katika keki ni adui. Kisu kikizunguka sekunde ishirini baada ya unga kuingia, keki itapanda kama mlima katikati, itapasuka, na ukiikata utaona matundu marefu yaliyosimama kama njia za mchwa. Nayo hutafunika kama mkate. Tena unga wa kuchapatia una nyuzi nyingi kuliko wa keki. Asiyepata unga wa keki na atoe vijiko viwili vya chakula katika kila kikombe cha unga wake, atie mahali pake vijiko viwili vya wanga wa mahindi, kisha achekeche mara mbili.

Sasa mtu atajuaje kosa lake limo katika mashine au katika moto? Kadhi hahukumu kwa kusikiliza upande mmoja, nasi twashauri hukumu ya namna hiyo hiyo jikoni. Pima mchanganyiko mdogo mara mbili, kila mmoja wa mayai mawili, na unga, sukari na siagi gramu 115 kila kitu. Mmoja uuvuruge kwa mashine, wa pili kwa mwiko na mkono. Mimina katika mabati mawili yaliyo sawa, uyaweke pamoja katika oveni moja, katika safu moja. Zikiharibika zote mbili, mashine haina kosa: tazama moto, beking pauda na vipimo vyako. Ya mkono ikitoka njema na ya mashine ikaharibika, kosa ni la kuvuruga. Jaribio hili lagharimu mayai manne, nalo laokoa mayai mengi, kuliko kubadili siagi leo, unga kesho na bati kesho kutwa, ukawa hujui lipi lililoponya.

Ikiwa kosa ni la kuvuruga kwa kisu, utaratibu ni huu. Kwa keki ya mayai manne chukua sukari, siagi na unga gramu 225 kila kimoja, na beking pauda vijiko viwili vya chai iliyochekechwa pamoja na unga. Sukari yetu ya kawaida ina chembe kubwa, basi itangulize peke yake katika bakuli kavu, uisage sekunde kumi. Hii ndiyo faida kubwa ya kisu, wala haifai kuiacha. Tia siagi, zungusha kiasi cha sekunde thelathini, ukisimamisha mara mbili kukwangua pande za bakuli na chini ya kisu, kwani hapo ndipo siagi hujificha ikaja kuonekana katika keki kama mabaka. Kisha mayai, moja moja, mashine ikienda polepole. Yakianza kukatika kama maziwa yaliyoganda, tia kijiko kimoja cha unga, yatarudi. Unga wote utie mwisho kwa mara moja, na kisu kisiachwe kuzunguka: kibonyezwe na kuachwa, kibonyezwe na kuachwa, mara tano au sita, sekunde moja moja. Ukiona unga mkavu umebaki pembeni, usibonyeze tena. Maliza kwa mwiko. Wala usijaze bakuli zaidi ya nusu, maana cha juu hakitachanganyika na cha chini kitakuwa kimekwisha kuharibika. Na kabla ya kutia mkono kukwangua toa waya katika umeme, khasa penye watoto. Kisu kile hakina huruma.

Upande wa moto hatuna mengi, kwani wapishi wetu waujua. Oveni na iwashwe robo saa kabla, digrii 180, na keki isikae mezani ikingoja, kwa sababu beking pauda huanza kazi mara ipatapo unyevu. Juu ikiungua na ndani mbichi, moto ni mkali. Ikididimia katikati, mara nyingi mlango ulifunguliwa kabla ya dakika ishirini, au ilitolewa kabla kijiti hakijatoka kikavu. Umeme ukikatika, msiufungue mlango kuchungulia. Joto lililomo huweza kuimaliza keki iliyokwisha kushika. Kwa wanaopalia makaa juu na chini, makaa ya juu yawe mengi kuliko ya chini. Beking pauda ya zamani ijaribiwe kwa kutia kijiko katika maji ya moto: isipochemka povu, itupwe. Na ndugu zetu wa Nairobi, iliyo juu ya bahari kiasi cha mita 1,800, wajue kuwa huko hewa ni nyepesi na maji huchemka kwenye digrii 94 hivi. Keki hupanda upesi na kuanguka. Wao wapunguze beking pauda kiasi cha robo, na sukari kijiko kimoja au viwili.

Jambo moja la dini halina budi kutajwa. Arki halisi ya vanila hutengenezwa kwa kileo. Sharia ya Marekani, mathalan, yataka isipungue asilimia 35. Wanazuoni wana maneno yao juu ya hilo, lakini mwenye kutaka kuepuka shaka hana dhiki: iko vanila ya unga, na iko iliki yetu, ambayo kwa ladha twaiona ni bora. Vile vile ile dawa ya kulainishia keki iuzwayo katika makopo madogo mara nyingi huwa na kitu kiandikwacho E471, ambacho huweza kutolewa katika mafuta ya mimea au ya mnyama. Na isomwe karatasi yake, itafutwe yenye alama ya halali. Na kwa anayeitamani mashine na mkononi hana kitu, upatu wa akina mama ni bora kuliko mkopo wenye riba.

Na keki iliyokwisha kuharibika isitupwe, maana tumekatazwa israfu. Iliyo ngumu au iliyodidimia ikatwe vipande vyembamba, unene wa kidole, ipangwe katika treya bila kugusana, irudishwe katika oveni ya digrii 150 kwa nusu saa, ikigeuzwa mara moja, mpaka ikauke kabisa. Ikipoa tia katika kopo lenye kifuniko. Hukaa wiki mbili, nayo kwa chai ya maziwa yenye tangawizi watoto huimaliza kabla ya hapo.