Kumfikishia mteja ankara: njia ipi, kwa bei gani?

Tangu tarehe 1 Januari 2024, mfanyabiashara wa Kenya akinunua bidhaa bila kupewa ankara ya eTIMS, mfumo wa ankara za kielektroniki wa Mamlaka ya Mapato (KRA), mamlaka hiyo haiyatambui matumizi hayo katika kodi yake ya mapato, isipokuwa machache yaliyosamehewa kisheria. Ndiyo maana wateja hawangoji tena ankara hadi mwisho wa mwezi, wanaidai papo hapo. Muuzaji anabaki kujiuliza: itoke vipi kwenye hifadhidata yangu imfikie mteja, na itanigharimu nini?

Chukua duka la vipuri la Barabara ya Kirinyaga, Nairobi, linalotoa ankara 600 kwa mwezi. Programu za KRA zenyewe ni bure: kuna eTIMS Lite mtandaoni, na kuna *222# kwa simu yoyote. Anayetoa ankara 20 hahitaji zaidi ya hapo. Kwa ankara 600, bure hiyo ni ghali, kwa sababu kila ankara itaandikwa mara mbili, na herufi moja ikikosewa kwenye PIN ya mnunuzi, mteja hawezi kudai VAT yake mpaka uifute ankara kwa krediti noti na kuandika nyingine. Duka hilo lilipie mfumo wake kuunganishwa moja kwa moja na eTIMS. Kuna njia mbili za kuunganisha, OSCU na VSCU: mfumo ukiwa mtandaoni muda wote, OSCU inatosha. Wanaotoa ankara nyingi kwa mkupuo, au wanaokatikiwa na intaneti, wachague VSCU. Bei za mafundi wa kuunganisha hutofautiana mno, kwa hiyo omba makadirio kwa zaidi ya mmoja.

KRA ikisharudisha nambari na msimbo wa QR, ndipo utume. Kutuma kabla ya hapo ni kumpa mteja karatasi isiyomfaa kwa kodi.

Barua pepe ndiyo rahisi kuliko zote. Gmail ya kawaida hukomea wapokeaji 500 kwa siku. Huduma ya Amazon SES hutoza dola 0.10 kwa barua 1,000, kwa hiyo ankara zote 600 ni senti 6 za dola, ukiacha malipo madogo ya viambatisho. Ila tangu Februari 2024 Google inamtaka kila mtumaji awe na uthibitisho wa SPF au DKIM kwenye kikoa chake. Usipouweka, barua zako zitakataliwa au zitaishia kwenye spamu, na mhasibu wa mteja ataapa hajaona kitu.

Tatizo ni kwamba fundi gereji hafungui barua pepe. Huyo mtumie SMS, ambayo ukinunua kwa wingi kila moja mara nyingi huwa chini ya shilingi 1. Iandike hivi: “Ankara 2417, KSh 18,560 pamoja na VAT. Lipa kabla ya 30/6 kwa Paybill yetu, akaunti 2417,” kisha kiungo cha kuipakua. Nambari ya ankara ikiwa ndiyo akaunti, malipo ya M-Pesa yanaweza kujipanga yenyewe kwenye hifadhidata, na hiyo ni faida kubwa kuliko shilingi uliyotoa. Usizidi herufi 160, wala usitie emoji, maana emoji moja tu hushusha kikomo hadi 70 na utalipia ujumbe zaidi ya mmoja.

WhatsApp wateja wanaipenda, na kutuma kwa mkono ni bure. Ukitaka mfumo utume wenyewe, Meta hutoza kwa kila ujumbe, lakini taarifa za ankara hazilipiwi zikitumwa ndani ya saa 24 tangu mteja akuandikie. Kwa duka hili ningeiacha iwe nyongeza.

Mimi ningetuma kampuni barua pepe na watu binafsi SMS, na fedha zilizosalia ningezitia kwenye kusafisha orodha ya wateja. Excel hula sifuri ya mbele ya nambari ya simu, 07 ikawa 7, na ujumbe haufiki. Hifadhi nambari zote zikianza na 254, na uongeze safu inayoonyesha ankara imetumwa, imefika au imerudi.

Kabla ya kumlipa fundi wa kuunganisha, mtake aandike kwenye mkataba kwamba ankara zote ni zako na utaweza kuzitoa ukiachana naye. Sheria inakutaka uzitunze miaka 5. Akisita kuliandika hilo, tafuta mwingine.