Sabufa na Gitaa la Mbaraka

Ukipiga nyimbo za Mbaraka Mwinshehe wa Morogoro, aliyefariki mwaka 1979, usisikie gitaa ila ngurumo tupu, usiilaumu santuri. Sabufa imewekwa konani, na kona huikuza besi kupita kiasi. Iweke kwa muda juu ya kiti ukaliacho, kisha utambae sakafuni kufuata kuta (watoto watacheka, waache wacheke) hadi upate mahali ambapo noti zote za besi zasikika sawasawa. Hapo ndipo pake. Iachie sauti zilizo chini ya hezi 80 tu, kisha uipunguze hadi usahau kuwa ipo. Wimbi la hezi 40 lina urefu wa zaidi ya mita 8. Ukuta hulizuia kidogo tu, na nyuma yake jirani aliyetoka zamu ya usiku kiwandani amelala.