Jicho Limwagalo Machozi, Kumbe Ni Kavu

Kwa miaka kadhaa tulikuwa tukitokwa na machozi kila tusomapo baada ya Isha. Tulifuta kwa leso, tukasema ni uzee. Daktari wa macho alipotutazama akatwambia macho yetu ni makavu. Tulidhani anatufanyia mzaha; jicho lililojaa maji litakuwaje kavu?

Chozi, ndugu msomaji, si maji matupu. Juu ya maji yake hutanda utando mwembamba wa mafuta uyazuiao yasikauke upesi. Mafuta hayo hutoka katika tezi zilizojipanga wima ndani ya kope: ukope wa juu huwa nazo baina ya 25 na 40, wa chini baina ya 20 na 30. Mjerumani Heinrich Meibom alizieleza mwaka 1666, zikaitwa kwa jina lake. Zikiziba, maji hukauka, jicho huchoma, na kwa kule kuchoma humwaga machozi mengi yasiyo na mafuta ya kuyahifadhi.

Ila tezi hizo zimefichwa nyamani. Zamani ukope ulipinduliwa juu ya kijitaa ili mwanga upenye, jambo lililomtaabisha mgonjwa. Mwaka 2008 daktari wa Kijapani, Reiko Arita, na wenzake walichapisha njia ya kuzipiga picha kwa miale ya infraredi, bila ya chombo kuugusa ukope. Hupinduliwa kwa kidole, kamera ikapiga, basi. Tezi nzima huonekana kama mistari myeupe. Pasipo na tezi huwa peusi. Ukope usiopungukiwa hupewa alama 0. Zikipotea chini ya theluthi, 1. Zikifika theluthi mbili, 2. Zaidi ya hapo, 3.

Ukope wetu wa chini ulipata 2. Tuliitazama ile picha tukanyamaza, kwani tezi iliyokwisha kusinyaa aghalabu hairudi, nasi miaka yote tulinunua matone ya kuongeza maji mahali palipokosa mafuta. Daktari hakutosheka na picha. Aliubonyeza ukope aone mafuta yatokayo ni maangavu au mazito kama dawa ya meno. Yalikuwa mazito. Sasa kila asubuhi twaweka kitambaa cha maji ya moto ya kustahimilika, kisha twaukanda ukope taratibu kuelekea ukingoni, ili zilizobaki zisizibe.

Mwanetu hukesha akitazama simu, hapepesi ila kwa nadra. Juzi tulimwona akifuta machozi. Tumemwambia akapigwe picha naye; amesema ataenda Jumatatu.