Hazina ya Jiji na Usalama wa Raia

Kikao cha kawaida cha Baraza la Madiwani, ambacho kwa kanuni hufanyika kila baada ya miezi 3, si mahali pa kwenda mtu atafutaye burudani. Mstahiki Meya huketi kitini akiwa na joho na mkufu wake, muhtasari wa kikao kilichopita husomwa na kuthibitishwa, taarifa ya kamati ya fedha huwasilishwa ukurasa baada ya ukurasa, na aghalabu diwani mmoja husimama kuuliza kwa nini taa za barabarani katani mwake zimezimika tangu masika, akajibiwa kwa taadhima kwamba swali lake ni zuri lakini wa kulijibu ni TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini. Waandishi wa habari hufurika siku ya kumchagua meya, au siku madiwani wanapotishiana ngumi. Siku za hesabu viti vyao huwa vitupu. Ilhali siku hizo za hesabu, zisizo na shangwe wala fujo, ndizo zinazoamua kama mtaro utazibuliwa kabla ya mvua au baada ya maji kuingia vyumbani mwa watu.

Dar es Salaam ilipata hadhi ya jiji mwezi wa Desemba 1961, katika siku zile zile za uhuru wa Tanganyika. Meya wake wa kwanza Mwafrika alikuwa Sheikh Kaluta Amri Abedi, malenga na mtunzi wa kitabu cha sheria za mashairi. Na mtu aliyezoea kuhesabu mizani za beti, nadhani, hakubabaishwa na kuhesabu shilingi. Tangu hapo baraza la jiji hilo limepitia misukosuko isiyo haba. Mwaka 1972, siasa ya Madaraka Mikoani ilipoanza kutekelezwa, serikali za mitaa zikafutwa na kazi zake zikakabidhiwa watumishi wa Serikali Kuu. Usafi wa miji ukazorota, kipindupindu kikazuka mwishoni mwa muongo ule, na mwaka 1978 mabaraza ya miji yakarejeshwa. Mwaka 1996 baraza la Dar es Salaam likavunjwa tena na tume ikaendesha jiji hadi mwaka 2000. Kisha, Februari 2021, halmashauri ya jiji iliyokuwa juu ya manispaa zote ikavunjwa, na Ilala ikapandishwa kuwa Jiji la Dar es Salaam, huku Kinondoni, Temeke, Ubungo na Kigamboni zikibaki manispaa. Hivyo mkazi wa Sinza, iliyo katika Manispaa ya Ubungo, husema kwa haki kwamba anaishi Dar es Salaam, lakini Meya wa Jiji la Dar es Salaam si meya wake.

Amma kuhusu mapato, jiji halina mgodi. Fedha zake za ndani hutokana na ushuru wa masoko, ada za leseni na vibali, ada za taka, na ushuru wa huduma ambao kwa miaka mingi haukuzidi asilimia 0.3 ya mauzo ya biashara. Mishahara ya walimu na waganga hutoka Hazina Kuu, na miradi mikubwa hutegemea ruzuku au mikopo ya Benki ya Dunia. Katika mapato yake ya ndani, halmashauri hutakiwa na sheria kutenga asilimia 10 kwa ajili ya mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisitishwa mwaka 2023 kwa sababu ya marejesho mabovu na vikundi hewa, ikarudi mwaka uliofuata kwa utaratibu mwingine.

Kodi ya majengo ndiyo yenye kisa cha kusimulia. Zamani ilikuwa kodi ya halmashauri, nayo ndiyo iliyomfunga mwenye nyumba na mji wake kwa fundo la wazi: analipa, kwa hiyo anadai. Mwaka 2016 ukusanyaji wake ukahamishiwa Mamlaka ya Mapato, na tangu Agosti 2021 kodi hiyo hukatwa mtu anaponunua umeme wa LUKU, yaani wa kulipia kabla ya kutumia. Mwanzoni ilikuwa shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida na 5,000 kwa kila sakafu ya ghorofa. Kwa ukusanyaji, hakuna hila iliyo bora kuliko hiyo, maana hakuna apendaye kulala gizani. Lakini anunuaye umeme mara nyingi ni mpangaji, na kodi ni ya mwenye nyumba, na fedha yenyewe hupita mbali kabla ya kurejea mtaani, ikirejea. Basi lile fundo limelegea, na raia hulipa bila kujua kwamba amelipa, sembuse kujua amemlipa nani kwa kazi gani.

Mambo ya usalama nayo yamegawanywa vivyo hivyo. Zimamoto, iliyokuwa chini ya halmashauri, sasa ni jeshi chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani kwa sheria ya mwaka 2007. Barabara za mitaa ziko kwa TARURA tangu mwaka 2017, barabara kuu kwa TANROADS, maji kwa DAWASA. Halmashauri imebakiwa na masoko, taka, afya na vibali vya ujenzi, na mwananchi asiyejua mgawanyo huu humlaumu diwani kwa shimo asilo na mamlaka ya kulifukia. Hata hivyo mipaka hiyo iliyochorwa katika karatasi haiheshimiwi na maji wala moto. Mtaro wa kando ya barabara ni wa TARURA, lakini taka zinazouziba ni za halmashauri. Soko Kuu la Kariakoo lilipowaka moto usiku wa tarehe 10 Julai 2021, na jengo la ghorofa lilipoporomoka Kariakoo tarehe 16 Novemba 2024 na kuua watu zaidi ya 20, hapana mfiwa wala mfanyabiashara aliyeuliza kasma, yaani fungu la bajeti, ilikuwa ya taasisi ipi.

Kasma hizo ni za namna mbili. Kuna matumizi ya maendeleo, ndimo yalimo majengo mapya na taa mpya. Na kuna matumizi ya kawaida, ndimo yalimo mafuta ya gari la taka, mitungi ya kuzimia moto sokoni, nauli ya mkaguzi wa majengo, kufagia na kuzibua. Utepe hukatwa mara moja, ila ankara huja kila mwezi. Kwa kuwa hakuna kiongozi aalikwaye kuzindua mtaro uliozibuliwa, fungu hili la pili ndilo la kwanza kupunguzwa mapato yanapopungua, na hapo ndipo ninapoona kosa kubwa la miji yetu, ambalo haliondolewi na mradi mwingine mpya.

Tena iko hesabu ya kalenda, ambayo madiwani huijua na wananchi hawaambiwi. Mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai; mvua za vuli huanza Oktoba. Katikati pana miezi 3 tu ya kupokea fedha, kutangaza zabuni, kupima wazabuni, kusaini mkataba na kuanza kazi; hatua yoyote ikichelewa, mzabuni humkuta mkazi wa kando ya mtaro akichota maji kwa ndoo. Mafuriko ya Desemba 2011, yaliyoua watu zaidi ya 40 jijini Dar es Salaam na kuwahamisha wakazi wa mabondeni hadi Mabwepande, yalikuwa ya mvua kubwa mno ambayo hakuna koleo la halmashauri lingeizuia peke yake. Lakini mvua za kila mwaka si ajabu wala si ghafla, na kazi ya kuzingoja ingepaswa kuidhinishwa katika bajeti ya mwaka unaotangulia na kuanza siku ile ile hazina inapofunguliwa.

Mwaka ukiisha, hesabu hufungwa na kukabidhiwa kwa Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali kabla ya Septemba kumalizika, naye hutoa hati, ama safi, ama yenye shaka, ama mbaya, au hushindwa kutoa maoni. Watu hushangilia hati safi kama kwamba ni cheti cha uaminifu, kumbe ni ushahidi kwamba vitabu vimeandikwa kwa kufuata kanuni; halmashauri yaweza kuipata huku masoko yake hayana hata bomba la maji. Yafaa zaidi kusoma hoja za ukaguzi zinazofuata, maana humo mkaguzi amerudia mwaka baada ya mwaka kutaja fedha zilizokusanywa kwa mashine za mkononi zisifike benki.

Vikao vya baraza viko wazi kwa watu wote, na taarifa za mapato na matumizi hupaswa kubandikwa katika mbao za matangazo. Basi, ewe msomaji, kabla ya Julai ijayo nenda katika mkutano wa mtaa wako umwulize mwenyekiti maswali mawili: fungu la kuzibua mitaro ni kiasi gani, na mkataba wake utasainiwa tarehe ngapi.