Je, Wajua? Serikali Inapolipia Udongo

Je, wajua kwamba udongo wa dunia umehifadhi kaboni nyingi kuliko hewa na mimea yote kwa pamoja? Hata hivyo, ukitaka wanasiasa watoe fedha za kuutunza, afadhali vumbi liwafuate ofisini.

Inasimuliwa kuwa mwaka 1935 Hugh Bennett, mtaalamu wa udongo wa Marekani, alikuwa mbele ya maseneta jijini Washington akitetea hifadhi ya udongo, huku akijua kwamba dhoruba ya vumbi kutoka mashamba ya magharibi iko njiani. Akavuta maneno, takwimu juu ya takwimu, mpaka nje kukaingia giza. Sheria ya kuhifadhi udongo ilitiwa saini Aprili 27 mwaka huohuo.

Mwaka uliofuata kulikuwa na ujanja zaidi. Januari 1936 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo ilibatilisha mpango wa kuwalipa wakulima wapunguze mazao yaliyofurika sokoni. Mwezi wa pili tu, Bunge likapitisha malipo ya kupunguza mazao “yanayochosha udongo” (pamba, ngano, mahindi, yaleyale!) na kupanda jamii ya kunde na nyasi badala yake. Mlango wa mbele umefungwa, wakapitia wa uani.

California nayo huwatoza wachafuzi. Viwanda hununua mnadani vibali vya kutoa hewa ukaa, na sehemu ya mapato hayo imewalipia wakulima mboji, matandazo na mimea ya kufunika ardhi.

Magharibi mwa Kenya, mradi wa shirika la Vi Agroforestry na Benki ya Dunia ulipata Januari 2014 hati za kwanza duniani za kaboni iliyohifadhiwa kwa kilimo cha namna hii: tani 24,788 za hewa ukaa. Fedha za kuuza hati hizo zikigawanywa kwa maelfu ya kaya hubaki chenji tu. Mkulima huona faida yake kwenye magunia ya mahindi.

Unataka kupima shamba lako bila maabara? Maofisa wa udongo wa Marekani wamewahimiza wakulima wazike chupi. Ifukie kina cha kiganja, ngoja miezi miwili, ifukue. Udongo wenye uhai utakuwa umeitafuna na kubakiza mpira wa kiunoni. Ila iwe ya pamba tupu. Ya nailoni wataikuta wajukuu.