Ruta ya Zamani: Itupwe au Iwekwe?

Mwanachama wetu mmoja aliyeko Ngerengere, upande wa Morogoro, ametuletea barua. Ana shamba la mikarafuu huko Kinole katika milima ya Uluguru, na hesabu zake zote na habari za bei huzipata kwa intaneti nyumbani kwake Ngerengere. Ruta yake aliinunua mwaka 2015. Sasa mwendo wake umekuwa wa kobe, na muuza duka amemwambia kwamba dawa ni moja tu, kununua mpya. Fedha aliyo nayo ameiweka kuwalipa wachumaji. Anauliza: je, anunue? Tumeona vema kumjibu hapa, kwani wengi wetu Unguja na Pemba tunayo mashaka hayo hayo.

Kwanza tufahamu ruta ni kitu gani. Ni chombo kinachopokea intaneti kutoka nje, ama kwa waya ama kwa laini ya simu iliyotiwa ndani yake, kisha huigawa nyumbani kwa mawimbi ya hewa. Basi kazi zake ni mbili, kupokea na kugawa, na maradhi yaweza kuwa upande wowote. Tena yaweza kuwa mbali kabisa na nyumba. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na SEACOM, zilipata hitilafu, na intaneti ikawa ya taabu Tanzania na katika nchi jirani. Ruta mpya siku hiyo isingemfaa mtu lolote.

Kwa hivyo jaribio la kwanza ni hili. Itoe laini katika ruta, itie katika simu, ukae pale pale ilipokuwa ruta. Ikiwa simu nayo inakwenda polepole, usiilaumu ruta. Labda bando limefikia kikomo na kasi imepunguzwa, labda mnara umeelemewa na watu, au kilima kimekaa kati yako na mnara. Rudia jaribio asubuhi na usiku, maana usiku watu ni wengi.

Ikiwa simu inakwenda vizuri, jaribio la pili: rudisha laini katika ruta, simama hatua mbili kutoka kwake, ujaribu kwa simu moja tu. Pakiwa pazuri hapo lakini pabaya chumba cha mwisho, ubovu ni wa mahali ilipowekwa. Mwanachama wetu anasema ruta yake imo ndani ya kabati la chuma, isichukuliwe na watoto. Mawimbi haya hayapiti katika chuma. Hata kuta nene na mabati huyapunguza nguvu. Aitoe, aiweke juu ya rafu katikati ya nyumba, mbali na jokofu. Kama ruta ina mawimbi ya namna mbili, ya 2.4 hufika mbali zaidi na hupenya kuta vizuri zaidi. Ya 5 ni ya kasi kubwa lakini hufika karibu.

Jaribio la tatu ni umeme na joto. Ruta inayozimika na kuwaka yenyewe huenda ni adapta tu iliyochoka kwa umeme unaopanda na kushuka. Adapta ni rahisi kuliko ruta. Nunua yenye volti zile zile zilizoandikwa, na ampea zisizopungua. Futa vumbi katika matundu, wala usiiweke juani dirishani.

Sasa tuje kwenye umri. Ruta za aina ya N zilianza kwa kanuni ya mwaka 2009, za AC mwaka 2013, na za AX, ziitwazo Waifai 6, vyeti vyake vilianza kutolewa mwaka 2019. Wauzaji husifu sana kasi ya zile mpya. Lakini ikiwa bando lako linakupa megabiti 10 au 20 kwa sekunde, ruta nzima ya aina ya N inatosha kuzipitisha. Mfereji mpana hauongezi maji ya kisima.

Lakini liko jambo moja ambalo halina msamaha, nalo ni usalama. Ndani ya ruta mna programu, na mtengenezaji hutoa marekebisho kila panapoonekana tundu la kuingilia wezi. Baada ya miaka kadhaa huacha. Mei 2025, idara ya upelelezi ya Marekani, FBI, ilitoa onyo kwamba wahalifu wanaziteka ruta kuukuu zisizopata tena marekebisho, na kufanya maovu yao kwa kupitia kwazo. Ruta hiyo yaweza kuonekana nzima, taa zote zinawaka, na huku mgeni amekwisha ingia. Aweza kukupeleka kwenye kurasa za uwongo, au uhalifu wake ukaonekana umetoka nyumbani kwako.

Basi soma jina na namba chini ya ruta yako, uangalie katika tovuti ya mtengenezaji kama bado anaitolea marekebisho. Kama anatoa, yatie, ubadilishe neno la siri lililotoka nalo dukani, na uchague ulinzi wa WPA2 au WPA3. Kama ameacha, au ruta yako haijui ulinzi ila WEP, ambao ulivunjwa tangu mwaka 2001, ibadilishe, hata kama inakwenda kasi.

Jibu letu kwa mwanachama wa Ngerengere ni hili. Aitoe ruta kabatini leo, afanye majaribio, na atazame habari ya marekebisho. Ikiwa bado yanatolewa, fedha ziende kwa wachumaji. Ikiwa yamekoma, awalipe wachumaji kwanza, kwani karafuu zikikomaa hazingoji. Na mpaka ruta mpya ipatikane, mambo ya fedha ayafanye kwa laini ya simu yake, si kwa ruta ile.

Atakaponunua, aulize mambo matatu: je, inapokea laini ya kampuni yoyote? Marekebisho yatatolewa mpaka mwaka gani? Dhamana ni ya muda gani? Na ile ya zamani asimpe jirani. Aifute yote yaliyomo, kisha ampe fundi achukue vipuri.

Hakuna mkulima akataye mkarafuu kwa sababu ni mzee tu. Huutazama kwanza kama unazaa, na kama una ugonjwa utakaoidhuru mingine.