Mitihani ya Serikali: Wazazi Wanasema Nini?

Kila mwaka wa masomo unapokaribia kwisha, swali moja linarudi katika makanisa yetu: mitihani ya Serikali inawasaidia watoto wetu, ama inawalemea?

Mitihani hiyo ni mitatu. Mtoto anayemaliza mwaka wa sita wa shule ya msingi anafanya mtihani ambao wengi bado wanauita TENAFEP. Mwisho wa mwaka wa nane kuna TENASOSP, wa kumwelekeza katika masomo yanayomfaa. Mwisho wa sekondari kuna EXETAT, ulioanza mwaka 1967. Bila diploma yake, mlango wa chuo kikuu haufunguki.

Wazazi wanaoikubali wanasema: maswali hayatungwi na mwalimu wa mtoto, basi hakuna upendeleo. Mtoto wa mkulima wa Walikale anapimwa kama mtoto wa Kinshasa.

Wengine wanajibu kwamba hapo ndipo penye shida. Mtoto aliyekimbia vita na kupoteza miezi ya masomo anapimwa sawasawa na yule aliyesoma mwaka mzima. Tena maswali ni ya Kifaransa, na nyumbani anasema Kiswahili, Kinande ama Mashi. Anaweza kujua hesabu na kushindwa kuelewa swali.

Halafu kuna feza. Kifungu cha 43 cha Katiba kinasema shule ya msingi ya Serikali ni ya bure, na jambo hilo lilianza kutekelezwa Septemba 2019. Lakini sekondari wazazi bado wanalipa. Mahali pengine wanaombwa pia mchango wa siri, ili wasimamizi wafumbe macho. Mzazi anaogopa: nikikataa, mtoto wangu atashindwa peke yake.

Jambo hili linatuhusu sisi Wakristo, kwa sababu tangu mapatano ya 1977 makanisa yanaongoza shule nyingi za Serikali. Katika komite ya wazazi tunaweza kudai mambo matatu: kila mchango utangazwe mbele ya wote na kutolewa risiti, masomo yaliyopotea yarudishwe kabla ya mtihani, na mtu asilipe hata franga moja kwa ajili ya majibu. Diploma iliyonunuliwa haimfundishi muuguzi kupima dawa, wala mwalimu kufundisha wajukuu wetu.